Alikuwa Anasali Jumuiya Gani?

Saa nne asubuhi, nyumba ya kupanga yenye vyumba sita. Turubai halijafungwa bado. Viti vya plastiki vimeazimwa vinane, na viwili vina miguu ya kuungaunga kwa waya. Mama mwenye nyumba amekaa kwenye jamvi pamoja na majirani watatu. Wawili kati yao ni Waislamu, na ndio walioamka usiku kumtafutia marehemu bajaji ya kwenda hospitali.

Katibu wa jumuiya, kikundi cha sala cha Wakatoliki wa mtaa, anaingia, kaunta buku kwapani.

"Poleni na msiba, mama."

"Tumeshapoa, baba. Karibu."

"Marehemu alikuwa anasali jumuiya gani?"

Ameuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza jina. Mama anatazama chini. Marehemu alikuwa mlinzi: usiku yuko lindoni, mchana amelala. Baadhi ya Jumapili alionekana akitoka na shati jeupe, anakwenda wapi hakuna aliyemuuliza. Chumbani wamekuta begi moja, redio ya betri, na rozari imetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda.

Katibu anafungua daftari, anapitisha kidole kwenye safu ya majina, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Analifunga.

"Basi hapo itakuwa ngumu kidogo."

Ukiwa Mkatoliki wa Tanzania hii sina haja ya kukuambia mtaa. Kwa Walutheri swali huwa namba ya bahasha, kwa wengine kadi ya ushirika, lakini kimya kinachofuata ni kilekile. Ni wiki kadhaa sasa "ngumu kidogo" hiyo, ya mtu kukosa mazishi ya kanisa kwa kuwa jina lake halimo daftarini, imenikaa kooni. Niliidhania tatizo la katibu mmoja asiye na huruma. Nilipoanza kuifuatilia nikaona katibu hana kosa kubwa, na hapo ndipo mambo yalipozidi kuniwia magumu.

Daftari lina kazi yake

Tuanze kwa kumtetea katibu.

Tuseme jumuiya ina kaya 20, na kila kaya inaweka shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwezi unaingiza 40,000, mwaka 480,000. Wamekubaliana kwamba kaya iliyofiwa inapewa rambirambi ya 200,000. Vikitokea vifo viwili, mfuko unabaki na 80,000. Kifo cha tatu kabla ya Desemba kinakuta mfuko hautoshi hata nusu ya ahadi. Sasa mlete mtu wa ishirini na moja ambaye hajawahi kuweka hata mia, naye apewe 200,000 zilezile. Mwaka unaofuata kaya tano zitajiuliza kwa nini zinachanga, na mwaka wa tatu mfuko haupo.

Hilo si roho mbaya, ni hesabu.

Kuna na wale wanaokumbuka jumuiya siku ya msiba tu. Wana gari, wana kiwanja, miaka kumi hawajafungua mlango Jumamosi jumuiya ikipita, lakini baba akifariki wanataka kwaya, padre na mashemasi wawili. Katibu amewaona wengi wa aina hiyo. Daftari ndiyo ngao yake pekee mbele ya watu wanaomzidi kauli na pesa.

Tena daftari linajibu swali ambalo padre hawezi kulijibu peke yake. Parokia ya mjini ina waamini maelfu. Paroko hawafahamu kwa sura, sembuse kwa majina. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, wakazipa jumuiya ndogondogo kipaumbele, shabaha ilikuwa hiyo: pawepo watu kumi na tano au ishirini wanaojuana kwa shida na raha. Daftari lilikuja kumsaidia mtu asipotee.

Lilianzaje kumpoteza?

Lanuvium, mwaka 136

Kusini mwa Roma kulikuwa na mji mdogo ulioitwa Lanuvium. Mwaka 136 watu wa kawaida wa mji huo, watumwa wakiwemo, walichonga kanuni za chama chao kwenye jiwe. Kwa jina kilikuwa chama cha kumheshimu mungu wa kike Diana pamoja na Antinous, kijana aliyependwa na Kaisari Hadrian. Kwa kazi kilikuwa chama cha kufa na kuzikana, na ukizisoma kanuni zake utadhani zimeandikwa Mbagala.

Kiingilio: sesterti 100, sarafu za Kirumi, na mtungi wa divai nzuri. Mchango wa kila mwezi: asi 5. Kwa kuwa sesterti moja ni asi 4, mwaka mzima unaingiza sesterti 15 kwa kila mwanachama. Mwanachama akifa, chama kinatoa sesterti 300 za mazishi, na 50 kati yake zinagawiwa kwa waliosindikiza maiti. Piga hesabu: bila kiingilio, mtu angechanga miaka 20 ili kufikisha gharama ya mazishi yake mwenyewe. Chama kinasimama kwa sababu wengi wanachangia kabla wachache hawajafa, na kwa sababu wanaoacha kulipa wanapoteza haki.

Hilo la mwisho limeandikwa wazi. Aliyepitisha miezi kadhaa mfululizo bila kulipa hatazikwa na chama, hata awe ameacha wosia. Aliyejiua, kwa sababu yoyote ile, hatazikwa. Mtumwa akifa na bwana wake akakataa kuitoa maiti, wenzake watamfanyia mazishi ya mfano. Kipengele hicho cha mtumwa ni kizuri mno, kuna huruma ndani yake. Lakini ni huruma kwa aliyelipa.

Miaka 61 baadaye, yapata mwaka 197, Mwafrika mmoja wa Carthage, katika nchi inayoitwa leo Tunisia, aliandika utetezi wa Wakristo mbele ya watawala. Jina lake Tertullian. Alijua watawala wanavitilia shaka vyama vya watu wadogo, kwa hiyo akaeleza sanduku la Kanisa linavyofanya kazi. Kila mtu huweka kiasi kidogo siku moja ya mwezi, au siku anayotaka, na iwapo tu anataka, na iwapo tu anaweza. Halazimishwi mtu. Kisha akataja fedha zinakokwenda: kuwalisha maskini na kuwazika, yatima wasio na kitu, wazee wasiotoka nje, waliovunjikiwa na merikebu, waliofungwa migodini na visiwani.

Msomaji wa Carthage aliyekijua chama cha kuzikana angeshtuka papo hapo. Sanduku ni lilelile, siku ya mwezi ni ileile, mazishi ni yaleyale. Kilichoondolewa ni sharti.

Hapo ndipo niliposimama kwa siku nyingi, maana sisi tumelirudisha.

Neno "kuzikana"

Kiswahili kina kiambishi kinachowatosha watu wawili: -ana. Kupendana, kusaidiana, kuamkiana. Wewe unanitendea, nami nakutendea. Rafiki wa dhati tunamwita rafiki wa kufa na kuzikana.

Lakini tazama vizuri. Kuzikana hakuwezekani. Ukinizika mimi, mimi sitakuzika wewe. Katika matendo yote ambayo binadamu humtendea mwenzake, hili ndilo ambalo mtendewa hana njia ya kulirudisha. Wayahudi wamelipa jina lake tangu zamani: kumhudumia maiti wanakuita fadhili ya kweli, kwa kuwa hakuna anayemzika mtu akitegemea maiti aje kushukuru. Jina hilo linatokana na maneno ya Yakobo akimwomba Yusufu asimzike Misri.

Daftari linafanya kuzikana kuwezekane. Linawaingiza wengine katikati: leo mimi nakuzika wewe, kesho mtoto wako anakuja kunizika mimi, na katibu anaweka kumbukumbu. Ni ufundi mzuri wa kijamii, na bila ufundi huo maskini wengi wangezikwa bila jeneza.

Ila Yesu aliusemea ufundi huo moja kwa moja. Katika Luka 6 anauliza: mkiwapenda wale wawapendao ninyi, mwaonyesha fadhili gani? Hata wenye dhambi hufanya hivyo. Katika Luka 14 anamwambia mwenyeji wake asiwaalike chakulani rafiki na jirani matajiri, kwa sababu watamwalika na yeye, na malipo yatakuwa yamekwisha. Awaite wasio na cha kumlipa.

Naye Lactantius, mwandishi mwingine wa Afrika ya Kaskazini, aliandika mwanzoni mwa karne ya 4 kwamba tendo la mwisho na kubwa kuliko yote la uchaji ni kuwazika wageni na maskini. Kuhusu walimu wa maadili wa zamani alisema hawakuligusa kwa sababu walipima kila wajibu kwa faida yake. Mwanafalsafa hakuona faida ya kumzika mgeni. Ni kweli, faida haipo.

Kituo kinachoitwa "hasa"

Katibu aliyesoma Biblia ana majibu, na si mabaya.

La kwanza ni Wagalatia 6:10: tuwatendee watu wote mema, na hasa jamaa ya waaminio. "Umeona? Hasa." Nimeona. Lakini "hasa" haina maana ya "tu". Inapanga foleni, haifungi mlango. Anayesoma mstari huo akaanzia kwenye "hasa" ameruka maneno "watu wote", ambayo Paulo ameyaweka kwanza.

La pili ni 2 Wathesalonike 3: asiyetaka kufanya kazi, asile chakula. Hapa jibu ni jepesi kidogo. Mstari unamsema asiyetaka, haumsemi asiyeweza. Tena unasema habari za kula, na mlinzi wetu yuko mochwari.

La tatu ndilo lililonitikisa. 1 Timotheo 5 ina daftari. Paulo anataka wajane waandikwe, na anaweka vigezo: asiandikwe mjane chini ya miaka sitini, awe ameshuhudiwa kwa matendo mema, awe amelea watoto, amekaribisha wageni. Orodha, umri, ushahidi. Nilidhani hoja yangu imekufia hapo. Kama mitume waliandika majina, mimi ni nani nimlaumu katibu?

Nikarudia kuisoma. Orodha ile ni ya watakaopokea.

Hakuna popote pale penye orodha ya waliotoa. Mwaka 251, Askofu Cornelius wa Roma aliandika barua akihesabu watu wa kanisa lake: mapadre 46, mashemasi 7, na wajane pamoja na wahitaji zaidi ya 1,500. Kanisa la Roma lilijua idadi ya wahitaji wake, na idadi hiyo ndiyo kiongozi aliyoitoa alipotaka kuonyesha ukubwa wa kanisa. Kaunta buku la leo lina safu za Januari hadi Desemba na alama ya vema kwa aliyelipa. La Roma lilikuwa na majina ya waliokuwa na njaa.

Vitabu viwili, vyote vinaitwa daftari la kanisa. Nimekaa nalo hilo wiki nzima.

Sheria yenyewe inasemaje

Wengi hudhani katibu anatekeleza sheria ya Kanisa. Basi tuifungue. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983, kanuni ya 1184, zinataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa, iwapo hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Ni makundi matatu. Kwanza, walioikana imani, wazushi na waliojitenga na Kanisa, wanaojulikana wazi. Pili, waliochagua kuchomwa moto kwa sababu zinazopinga imani. Tatu, wadhambi wengine wa wazi ambao kuwazika kikanisa kungeleta kashfa kwa waamini.

Asiyelipa zaka hayumo. Asiyehudhuria jumuiya hayumo.

Kundi la tatu ndilo hubanwa, hasa kwa wale tunaowaita wa uchumba sugu, wanaoishi pamoja miaka na watoto bila ndoa ya kanisani. Lakini kanuni hiyohiyo inaendelea: pakiwa na shaka, aulizwe askofu wa mahali, na uamuzi wake ufuatwe. Haisemi aulizwe katibu, wala kamati, wala mama wa jirani mwenye kumbukumbu ndefu. Na dalili ya toba haijapewa kipimo. Rozari kwenye msumari ni dalili. Kuomba padre aitwe, hata kama padre alichelewa foleni ya magari, ni dalili.

Aliyejiua alikuwemo kwenye sheria za mwaka 1917. Mwaka 1983 aliondolewa. Katekisimu ya mwaka 1992 inaeleza kwamba maradhi makubwa ya nafsi, hofu au mateso hupunguza uwajibikaji, na kwamba Kanisa huwaombea watu hao. Bado zipo familia zinazoambiwa "kanisa haliziki waliojinyonga" kama vile sheria ya zamani bado inafanya kazi. Lanuvium ingekubaliana nao.

Kanuni ya 1183 inapanua zaidi. Mkatekumeni, yaani anayejiandaa kubatizwa, ahesabiwe kama mwamini katika mazishi. Mtoto aliyekufa kabla ya ubatizo ambao wazazi walikuwa wameukusudia anaweza kuruhusiwa. Mbatizwa wa dhehebu lingine anaweza kuruhusiwa pia, kama hakuonyesha kukataa na mchungaji wake hapatikani.

Halafu kuna 1181, fupi, ambayo ningependa ibandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya parokia. Inahusu sadaka za mazishi, na inaonya mambo mawili: pasiwe na upendeleo wa watu katika mazishi, na maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili.

Wasiokuwemo kwenye daftari

Chukua mtaa mmoja, andika wabatizwa wasioonekana jumuiya. Utaona hawatawanyiki ovyo.

Dada wa kazi: jumuiya inasali sebuleni, yeye yuko jikoni anachemsha chai ya jumuiya. Kaya imeandikwa kwa jina la baba mwenye nyumba. Jina lake yeye halipo popote. Mlinzi wa usiku: jumuiya ya alfajiri inamkuta njiani, ya jioni inamkuta anavaa sare. Mama lishe: saa kumi na mbili asubuhi ndiyo saa ya chapati. Mpangaji wa chumba kimoja anayehama kila kodi ikipanda. Mgonjwa wa akili, ambaye akija anakatiza sala. Mama wa uchumba sugu, aliyewahi kusemwa kwenye "mengineyo" na hakurudi tena.

Hawa sio wavivu wa kusali. Ratiba imewekwa na watu wenye sebule.

Kanisa la kwanza lilipata tatizo hilihili kabla halijamaliza miaka mingi. Matendo 6: wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Waliogawa hawakuwa watu wabaya. Waligawa kwa wale waliowafahamu na walioongea nao lugha moja. Mitume wakataka wachaguliwe watu saba. Soma majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Mgao ulikabidhiwa kwa watu wenye majina ya upande uliokuwa unalalamika. Hakukuwa na semina ya kuwafundisha wagawaji wa zamani wawe na moyo zaidi.

Kwa hiyo, kivitendo: kamati ya huruma ya jumuiya iwe na dada wa kazi mmoja na mtu mmoja wa zamu ya usiku. Mikutano yao iwe saa nane mchana, lindo halijaanza na vyombo vya chakula cha mchana vimeshaoshwa. Mtu akikosekana mara tatu, katibu asimpigie mstari mwekundu, apige hodi. Swali la kwanza mlangoni lisiwe "mbona hatukuoni?" Liwe "unaingia kazini saa ngapi?"

Mifuko miwili

Kosa la kiufundi ni hili: tumechanganya mkataba na huruma ndani ya bahasha moja.

Mkataba ni halali. Kaya zinachanga, kaya zinalipwa, asiyechanga halipwi. Uitwe kwa jina lake, mfuko wa kusaidiana, na uwe na kanuni zake kama za Lanuvium. Lakini usiguse sakramenti, ibada, jembe la kuchimbia kaburi, wala kwaya. Hivyo havikuchangiwa kwa shilingi 2,000.

Pembeni yake uwe mfuko wa huruma. Kwenye mfano wetu, sehemu ya kumi ya 40,000 ni 4,000 kwa mwezi, yaani 48,000 kwa mwaka. Kwa jumuiya moja ni kidogo, msiba mmoja unaufuta. Kwa hiyo uunganishwe parokia nzima: jumuiya 30 zinaleta 1,440,000 kwa mwaka.

Unapoharibikia napafahamu vizuri kuliko unapofanikiwa. Unamezwa na ujenzi. Mnara wa kengele una njaa isiyoshiba, kwa hiyo akaunti iwe yake peke yake. Unakwama kwenye saini. Saini tatu zinahitaji siku nne, na mochwari inahesabu kila siku, kwa hiyo mwenyekiti na mhazini waruhusiwe kutoa hadi kiasi fulani siku hiyohiyo kwa simu, maelezo yafuate. Unaaibisha, mtu akisomwa jina Jumapili kwamba amezikwa kwa msaada, mhitaji wa pili hatasema. Mhazini aandike kiasi na tarehe, jina libaki kwa paroko. Na yule mwenye gari na kiwanja naye atajaribu, ndiyo. Mwache azikiwe baba yake. Ibada si ya kuuza wala kununua, na kwenye mfuko wa huruma familia yake haitahitaji senti.

Kaisari Julian, aliyetawala kuanzia 361 hadi 363 na kujaribu kuwarudisha Warumi kwenye miungu yao, alikereka sana na huruma ya namna hii. Katika barua iliyohifadhiwa kwa jina lake, iliyoandikwa kwa kuhani Arsacius wa Galatia, analalamika kwamba kilichowaeneza hawa Wagalilaya, yaani Wakristo, ni ukarimu wao kwa wageni na uangalizi wao wa makaburi ya wafu. Hawalishi maskini wao tu, anasema, wanalisha na wa kwetu. Kisha akaagiza modi 30,000 (kipimo cha nafaka cha Kirumi) za ngano kwa mwaka zipelekwe Galatia: sehemu ya tano kwa maskini walio watumishi wa makuhani, iliyobaki kwa wageni na ombaomba.

Adui aliona. Hakusema wanahudhuria vizuri.

Nafasi iliyoachwa wazi

Turudi chini ya turubai. Ni saa tano na nusu sasa.

Kinachowezekana kufanywa ni kifupi. Katekista aombe kufungua begi mbele ya mama mwenye nyumba na mjumbe wa mtaa. Akikuta cheti cha ubatizo, kina namba ya LB, namba ya kitabu cha wabatizwa. Simu moja kwa parokia ya huko mkoani inatosha. Kama hakuna namba, mtu wa ofisi atafungua kurasa kwa kufuata jina na mwaka wa kuzaliwa. Itachukua muda, lakini kitabu kipo. Kisipopatikana kabisa, rozari na shati jeupe la Jumapili vimweleze paroko, naye akiwa na shaka ampigie askofu.

Wale Waislamu wawili wameshatafuta majembe. Hawajauliza mtu anasali wapi. Msamaria wa barabara ya Yeriko naye hakuulizwa, na angeulizwa, jibu lake lingekuwa Gerizimu, mlima wa ibada wa Wasamaria usiokubalika Yerusalemu.

Imebaki fomu ya parokia. Jina, umri, mahali alipozaliwa, tarehe ya kifo. Halafu mstari ulioandikwa "Jumuiya", na nukta zake.

Kanuni ya 1177 inasema mtu aliyefia nje ya parokia yake, na mwili haukurudishwa huko, wala kanisa lingine halikuchaguliwa kihalali, aombewe katika kanisa la parokia alikofia. Alifia hapa, chumba cha nne kutoka getini, ndani ya mipaka ya jumuiya ya katibu huyu aliyeshika kalamu.

Anajua jina la kuandika. Ni lile lililo kwenye jalada la kaunta buku lake.